Kabla hujafungua tairi, niulize betri ilikuwa asilimia ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba magari ya umeme hayafai kwenye miji yenye miteremko, kwa kuwa breki zake hukata ghafla halafu zikarudi zenyewe kama hakuna kilichotokea. Simcheki. Mwaka jana mwezi wa kumi ningeweza kuandika maneno hayohayo, na ningeongeza mengine mawili matatu ambayo usingeyachapa.

Mimi ni mama wa dagaa. Nakaa Mwanga hapa Kigoma, huku juu, na dagaa nawanunua chini kwenye mwalo wa Kibirizi, mwaka wa 22 huu. Gari nililonalo ni dogo la Kijapani, la umeme mtupu, la mtumba. Mwanangu wa pili ndiye aliyeliagiza, akaliendesha Dar es Salaam kwa mwaka mmoja, alipopata nafasi ya kwenda kusoma nje akalipakia kwenye lori likaja kwangu. Mtaani walicheka sana. Mji ambao miaka na miaka taa zake zilitegemea jenereta za dizeli, leo mama mzima anachomeka gari ukutani kama simu! Nikawaacha wacheke. Mafuta wananunua wao.

Kwa asiyelijua gari la namna hii, jambo la kwanza linalokushangaza ni kwamba ukiachia mafuta (tunasema mafuta kwa mazoea tu, humo hamna hata tone) halitelezi kama mengine. Linajishika. Ile mota inayolisukuma inageuka kuwa dainamo. Wa umri wangu mnaikumbuka dainamo ya baiskeli: ukiilaza kwenye tairi usiku ili taa iwake, pedali zinakuwa nzito papo hapo. Uzito ule ndio breki yenyewe, na umeme unaopatikana unarudi kwenye betri. Vijana wanaiita rijeni. Ukishaizoea, pedali ya breki unaisahau kabisa. Unashuka mlima mzima kwa kuinua na kushusha mguu wa kulia kidogo kidogo. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Ilikuwa giza la mwezi wa kumi. Kwa wasioijua kazi yetu: dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo kwenye mbalamwezi mitumbwi inalala, mwezi ukipotea ndipo watu wanaingia ziwani. Siku hizo tunaziita giza. Kwenye giza natoka nyumbani saa 11 alfajiri niwahi mitumbwi inavyoingia. Siku hiyo nilikuwa na ndoo sita nyuma na mizani yangu, na binti anayenisaidia kazi ameketi pembeni akisinzia. Nikaanza kushuka. Pale mteremko unapokaza nikaachia mafuta kama kawaida. Gari halikujishika. Nikasubiri, maana akili bado ilikuwa inaniambia litajishika sasa hivi. Likazidi kuongeza mwendo, kimyakimya, na hilo ndilo baya lake, halina ngurumo ya kukushtua. Mbele yangu kulikuwa na mtu wa baiskeli amefunga madumu manne ya mawese, mawili kila upande, taa hana. Nikaitafuta breki kwa mguu uliokuwa umeshasahau breki iko wapi, nikaikanyaga yote. Gari likasimama. Ndoo zikaporomoka, mizani ikagonga mgongo wa kiti changu, na magurudumu ya mbele yakatoa mlio wa chuma kinachosagwa juu ya chuma. Mwenye mawese hata hakugeuka. Binti akafumbua macho akaniuliza, "Mama, tumefika?"

Naomba huyo msomaji mwenzangu alitazame hilo neno moja: likasimama. Kumbe breki ya kawaida, ile ya pedi na mafuta ya breki, ilikuwepo muda wote na ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni ile nyingine. Tofauti hiyo mimi sikuijua, na fundi niliyempelekea gari hakuijua pia.

Fundi huyo simtaji, ana watoto wa kulisha. Alifungua magurudumu yote manne. Akasema pedi zimekufa, akabadilisha. Akasema masta silinda imechoka, akafunga nyingine ambayo nayo sijui ilitoka kwenye gari gani. Akatoa upepo kwenye breki. Kisha akachomoa waya wa betri ndogo usiku kucha ili, kwa maneno yake, kompyuta isahau. Asubuhi aliporudisha waya, taa sita zikawaka kwenye dashibodi kama harusi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba gari la umeme lina betri mbili, ile kubwa ya kuliendesha na hii ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, na hii ndogo ikichoka gari zima linachanganyikiwa hata kama kubwa imejaa pomoni. Yangu ilikuwa imechoka, na huko kuchomolewa na kurudishwa ndiko kulikoimaliza. Lakini siku ile tuliambiwa gari limekufa. Akalifunga kamba nyuma ya pikapu akalivuta kutoka gereji mpaka mlangoni kwangu, magurudumu yote yakiwa chini.

Mwanangu nilipomsimulia hilo la kamba alinyamaza muda mrefu nikadhani salio limekatika. Kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayejizuia kama kweli magurudumu ya mbele yalikuwa yanazunguka. Ni kwamba magurudumu yanayofungwa kwenye mota yakizungushwa kwa kuvutwa, mota inatengeneza umeme, iwe umewasha gari au umezima. Ni dainamo ileile, sasa haina mtu wa kuisimamia, na umeme huo unaweza kuunguza vitu vyenye bei kuliko gereji yote ile na kiwanja chake. Gari kama hili hubebwa juu ya lori, au magurudumu yenye mota yanainuliwa. Mungu alinistahi. Nikanunua betri ndogo mpya, taa zote zikazimika. Jumla yote ikafika Sh 410,000, na alfajiri iliyofuata nikashuka Kibirizi na gari halikujishika.

Kilichonivuruga kuliko fedha ni kwamba baada ya siku kama kumi ugonjwa uliondoka wenyewe. Gari likawa zuri, linajishika kila mahali. Nikasema basi, pengine pedi mpya zilikuwa zinazoea. Wiki mbili baadaye ukarudi. Jirani yangu, ambaye anatazama mwezi kwa sababu zake, ndiye aliyegundua: ugonjwa wa gari lako unakuja na giza, unaondoka na mbalamwezi. Akaniambia bila kuzunguka kwamba kitu kinachofuata mwezi hakitafutiwi spana. Nilicheka mbele yake. Usiku sikulala vizuri.

Lakini mimi ni mtu wa daftari. Kwenye dagaa usipoandika unaliwa. Nikafungua kurasa za nyuma za daftari la madeni nikapiga mistari: tarehe, saa, betri asilimia ngapi naondoka, mvua au kavu, njia gani, limejishika au halikujishika. Nikaandika siku 31 bila kuruka hata moja, na mwandiko wangu wa alfajiri ni mbaya lakini unasomeka. Saa 11:10, betri 100, kavu, kushuka Kibirizi, hakuna kitu. Saa 3 asubuhi, betri 94, kupanda na mzigo, haihusiki. Saa 9 alasiri, betri 63, kushuka stesheni, limejishika vizuri. Kesho yake saa 11:05, betri 100, manyunyu, kushuka Kibirizi, hakuna kitu. Kurasa mbili nzima ziko hivyo, na bado sikuona kilichokuwa kinanitazama, kwa sababu nilikuwa nasoma safu ya tarehe nikiwaza mwezi.

Siku ya 19 umeme ulikatika usiku. Nikaamka nikakuta gari lina 71. Nje giza totoro, hata mbwa wa jirani simwoni. Nikatoka hivyohivyo, moyo ukidunda, mguu umekaa tayari juu ya breki. Pale pale mteremko unapokaza nikaachia mafuta. Gari likajishika mpaka ndoo zikasogea mbele. Nikasimama pembeni, nikawasha taa ya ndani, nikachukua daftari, nikasoma safu ya asilimia kutoka juu kwenda chini kwa kidole. Kila penye 100 hapakuwa na kitu. Kila penye 60 na 70 gari lilikuwa zima. Mwezi haukuwa na kosa lolote. Kwenye giza mimi nafanya kazi kila alfajiri, kwa hiyo nachaji kila usiku mpaka juu. Kwenye mbalamwezi natoka mchana kwa shughuli ndogondogo, siku nyingine napitisha siku tatu sijachomeka. Na kwa nini nilikuwa najaza mpaka 100? Kwa sababu watu wa hapa tumelelewa hivyo. Umeme ukiwepo jaza kila kitu, ndoo, simu, friji, na sasa gari.

Betri iliyojaa haina pa kuupokelea umeme. Ni hilo tu. Betri ya lithiamu ukiisukumia umeme kupita kiasi inaharibika, inaweza hata kuwaka, kwa hiyo kompyuta ya gari inafunga mlango: mota isigeuke dainamo, dereva atumie breki ya mguu. Gari halikuwa linaumwa. Lilikuwa linajilinda, na mimi nilikuwa nalipeleka gereji kwa sababu ya kujilinda.

Na si suala la nafasi peke yake. Nilipiga hesabu na mwanangu kwenye simu. Gari langu na mimi ndani ni kama kilo 1,500. Likishuka kimo cha mita 100 uzito huo unatoa karibu uniti 0.4, uniti hizihizi za LUKU, na baada ya kutoa zinazopotelea kwenye matairi, upepo na joto, tuseme inarudi robo ya uniti. Haifiki bei ya andazi. Betri yangu ilipokuwa mpya ilibeba uniti 24, kwa hiyo robo uniti ni asilimia moja tu. Nikasema basi nikiacha 98 inatosha. Nikajaribu, haikutosha. Kumbe betri ikikaribia kujaa inapunguza pia kasi ya kupokea, na umeme wa mteremko unakuja kwa kasi, wote kwa dakika mbili. Mmewahi kujaza mawese kwenye chupa? Tumboni unamimina tu. Ukifika shingoni unapunguza mkono, hata kama nafasi bado ipo, la sivyo yanamwagika. Ndiyo maana kwenye 98 lilijishika kidogo sana, kwenye 90 nusunusu, kwenye 80 kwa nguvu zake zote.

Ona pia jambo hili, ambalo ndilo linalowafanya watu wabishane bure. Anayekaa bondeni hawezi kuuona ugonjwa huu. Asubuhi anaanza safari kwa kupanda, anaipunguza betri, akija kushuka nafasi ipo. Sisi tunaokaa juu tunaanza kwa kushuka, betri ikiwa imejaa, alfajiri, macho yana usingizi. Gari moja, fundi mmoja, majibu mawili tofauti, kwa sababu ya mahali nyumba ilipojengwa.

Sasa kuna kitu kinachonichekesha mpaka leo. Dashibodi ya gari langu inaandika Kijapani, na linasema Kijapani. Kila alfajiri nikiwasha linalia ting, mstari wa maandishi unatokea, unakaa kidogo, unaondoka. Mimi nilijua ni salamu. Nilikuwa naitikia, "Asante, na wewe." Siku moja mwanangu akaniomba nipige picha ule mstari, akampelekea mwanafunzi mwenzake anayetoka Japani. Jibu likaja usiku uleule: linasema betri imejaa, breki ya kurudisha umeme imepunguzwa. Miezi yote hiyo limekuwa likinionya kwa adabu, nami naitikia salamu.

Nisimsifu sana mwanangu, kwa sababu ushauri wake wa kwanza ulikuwa wa ovyo. Alisoma huko mtandaoni kwamba rijeni ikipotea asubuhi ni baridi, betri ya baridi haipokei umeme upesi, eti niliache gari lipate joto kwanza. Kwao huko ni kweli, nchi zenye theluji ndivyo ilivyo. Nikamwambia mwanangu, hapa Kigoma gari linatafutiwa mwembe. Joto nalo likizidi kompyuta inapunguza rijeni, kwa hiyo siku hizi nikirudi na mzigo mchana siliachi juani halafu nikaanza kuchaji hapohapo.

Baada ya kuanza kuishia 80, tisa kati ya alfajiri kumi gari likawa zuri. Hiyo ya kumi ndiyo iliyonipeleka Ujiji kwa kijana mmoja aliyeanza na kutengeneza redio na simu. Nilimpenda kabla hajagusa kitu, kwa sababu aliniuliza swali ambalo gereji ya kwanza haikuniuliza hata siku moja: "Mama, lilipofanya hivyo betri ilikuwa asilimia ngapi?" Nikampa daftari. Akakaa kwenye kigoda akalisoma lote, akavua kofia.

Akachomeka kidude kidogo chini ya usukani, kinaongea na simu yake, na kwenye kioo cha simu vikatokea vistari 96 vimesimama kama watoto wa shule mstarini. Akaniambia betri kubwa si kitu kimoja, ndani yake kuna jozi 96 za seli zilizofuatana. Tukapanda mlima, tukageuza, tukashuka, mimi naendesha yeye ameshika simu. Tulivyokuwa tunapanda, mstari mmoja ulizama chini ya wenzake. Tulivyoshuka, mstari uleule ukaruka juu ya wenzake wote. "Huyu hapa, Mama," akasema, kama anayemwonyesha mwizi. Jozi iliyochoka ndivyo ilivyo, ukiichota inaishiwa mapema, ukiirudishia inajaa mapema, na kompyuta haiangalii wastani, inamwangalia yule anayekaribia kufurika kwanza. Kwa hiyo betri inasema 80 lakini kuna mmoja ndani ambaye tayari amejaa. Kumbadilisha inawezekana ukipata mwenzake anayelingana naye; bado sijampata. Mpaka hapo kwenye giza nachaji mpaka 75 na inanitosha kwenda na kurudi mara mbili na mzigo.

Tulivyokuwa palepale nikamwambia na lile la matuta. Tangu mvua zianze, nikishuka na rijeni inavuta, nikipiga tuta au shimo, gari linakuwa kama linanichoropoka, linaruka mbele kwa kitambo cha kupepesa jicho. Akasema kidogo ya hiyo ni tabia yake hata likiwa zima: gurudumu likining'inia hewani linapunguza mzunguko ghafla, kompyuta inadhani linateleza, inaiachia rijeni ili gari lisiyumbe, na kabla breki ya mafuta haijachukua zamu kuna pengo. Pengo hilo ndilo linalokutia hofu. Dawa ni mguu kuwa tayari kwenye breki. Lakini la kwangu lilizidi. Akainama kwenye gurudumu la mbele kushoto, akachokonoa kwa bisibisi, likatoka donge la tope jekundu gumu kama tofali. Ndani yake kulikuwa na sensa, kile kidude kinachohesabu mizunguko ya gurudumu. Kisha akapima matairi kwa kamba. La kulia nililibadilisha baada ya pancha mbaya, nikachukua lililopatikana dukani, saizi inayokaribiana. Kukaribiana hakutoshi. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi, na kompyuta inayolinganisha magurudumu inaona kila wakati kuna moja lisiloendana na mwenzake. Sensa ikasafishwa, matairi yakawa pacha, kuruka kukapungua mpaka nikasahau. Alinitoza Sh 30,000. Nikampa na dagaa.

Na ule mlio wa chuma? Mtakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa mwaka 2024 kupumzisha samaki, Mei 15 mpaka Agosti 15. Gari lilikaa uani miezi hiyo karibu yote. Hata kabla ya hapo, kwa kuwa rijeni ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kubwa, pedi zilikuwa hazigusi diski vya kutosha kuzisugua, na diski isiyosuguliwa kwenye unyevu wa huku inaota kutu. Zile pedi ambazo gereji ya kwanza ilisema zimekufa nilikuwa nazo bado, mimi situpi kitu nilicholipia. Nikazitoa kwenye mfuko wa dagaa, kijana akaziweka kwenye kiganja. Zilikuwa nene karibu kama mpya, uso umevaa kutu tu. Kilichokuwa kibovu ni pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski; zilikuwa zimeganda, na hazikuguswa. Akazitoa, akazisafisha, akapaka grisi yake. Tangu hapo kila Ijumaa, mahali tambarare pasipo na watu, naweka gari N, gia huru, ili rijeni isiingie, nakanyaga breki ya mguu mara nne tano kwa nguvu. Diski zinang'aa kama sahani.

Nisieleweke vibaya. Ukikanyaga breki pedali ikazama, au ikawa laini kama inakanyaga sifongo, au gari likavutia upande, hiyo si habari ya rijeni na daftari langu halikuhusu. Simamisha, litoke hapo likiwa juu ya lori. Na fundi usiyemjua akianza kushika nyaya nene za rangi ya machungwa kwa taa ya kupimia, mwondoe mkono. Kwenye nyaya hizo kuna mamia ya volti, si zile 12 alizozoea. Wa kwangu wa kwanza alikuwa ameshaushika mmoja nilipoingia na chai.

Ninachoomba kwa wenye gereji ni kidogo sana, na hakigharimu spana. Mtu akija na gari la umeme akisema linakataa kujishika, muulize anakaa juu au chini, alichaji mpaka ngapi, ilikuwa saa ngapi, lilikataa kabla hajapita tuta au baada. Andika. Wanaotuuzia magari haya nao watubadilishie lugha ya dashibodi pale inapowezekana, na isipowezekana watuandikie karatasi moja ya Kiswahili yenye maana ya kila mstari unaotokea. Wengine tunafikiri tunasalimiwa.

Na kuhusu milima kutofaa: treni za umeme duniani zinashuka milima kwa ufundi huuhuu, mota zinageuka jenereta na umeme unarudi kwenye waya juu. Tofauti yao na mimi ni kwamba waya unaweza kupata treni nyingine inayopanda ikautumia umeme huo hapohapo. Mimi nina betri yangu moja, na nilikuwa naijaza mpaka mdomoni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyeandika, naomba unijibu kupitia ukurasa huuhuu. Siku ile breki zilipokata, gari ulikuwa umelichaji mpaka ngapi, na nyumba yako iko upande gani wa mlima?

Mama Dagaa,
Mwanga, Kigoma